Mluzi umekufa! Redio ya mbao ya National, sehemu ya Bluetooth imepita

Wakuu, umekufa ule mluzi uliokuwa unatoka kwenye redio yangu ya zamani niliyoigeuza spika ya Bluetooth. Nimeegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika usiku nyumba imelala, simu imeunganishwa, wimbo nimeusimamisha, volyumu iko mwisho kabisa, na sisikii kitu. Hakuna zzii. Hakuna tik-tik-tik. Nimezima na kuwasha mara kadhaa kuhakikisha kwamba ampli (kikuza sauti) ipo hai kweli. Ipo hai.

Kwa waliokosa mwanzo: boksi ni la redio ya National ya mbao, ya enzi zile Matsushita walipokuwa na kiwanda hapa Dar cha redio na betri, kilichoanza miaka ya 1960. Mawimbi yake ni ya kati (MW) na mafupi (SW) tu, FM hakuna. Koni ya spika ililiwa na mende, bodi ya ndani ilishakata roho, nimeifunga kwenye mfuko na kuihifadhi. Ndani sasa kuna spika ya gari ya inchi 6 ya omu 4, ampli yenye chipu ya TPA3110 iliyofungwa kwa mono (njia moja ya sauti), betri tatu za lithiamu za 18650 kutoka kwenye laptop mbovu pamoja na BMS yake (bodi ya kulinda betri), LM2596 ya kushusha volti hadi 5, na kimoduli cha Bluetooth. Kushoto na kulia nimevichanganya kwa resista mbili za kilo-omu 10. Msiviunganishe moja kwa moja, mtaua kimoduli.

Sasa tatizo. Ukichomeka waya wa AUX kutoka kwenye simu, ampli kimya. Ukirudi kwenye Bluetooth, mluzi unaanza, na ndani ya mluzi kuna tik-tik inayokwenda kwa mpangilio wake yenyewe. Kimoduli kikiwa kinatafuta simu mlio ni wa aina moja, kikishaipata unabadilika. Ukipiga singeli huwezi kuusikia hata kidogo. Lakini weka taarab ya zamani, pale udi unapobaki peke yake kabla mwimbaji hajaingia, mluzi unakaa katikati ya sebule kama mgeni asiyejua kuaga. Na mimi redio hii naitengeneza kwa ajili ya pale hasa. Spika zenye kelele Dar hii zimejaa, kila saluni ina sabufa yake. Ninachotaka ni redio inayojua kunyamaza.

Nilipanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani, nikaenda kumuona mzee mmoja fundi redio pale Kariakoo ambaye namheshimu sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iwashe nisikie." Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiyo ampli feki, kijana wangu. Badilisha."

Hilo ndilo jibu utakalopewa na karibu kila meza ya fundi mjini, na kwa heshima zote nalikataa. Kama ampli ni feki, mbona kwa AUX imetulia? Mtuhumiwa yupo, kosa halipo. Ukifuata ushauri huo utanunua ampli moja baada ya nyingine na mluzi utahama nao wote.

Nikaanza na kepasita, kama kila mtu. Mikrofaradi 1000 kwenye umeme wa kimoduli, halafu 2200. Mluzi ukawa mzito kidogo, haukupungua. Nikabadilisha waya wa sauti, nikaweka wenye wavu unaozuia mawimbi. Hakuna kitu. Nikakizungushia kimoduli karatasi ya aluminiamu ya jikoni (juu ya plastiki, ili isiguse miguu), nikijua Bluetooth inaishi kwenye gigahezi 2.4 na huenda inarusha uchafu hewani. Hakuna kitu tena, zaidi ya simu kuanza kukatakata muziki.

Kilichonifungua macho ni kipande cha waya chenye klipu za mamba. Upande mmoja niliubana kwenye hasi ya ampli, upande wa pili nikawa nautembeza kwenye hasi ya mfumo mzima: mguu wa kimoduli, mguu wa LM2596, mguu wa BMS, mpaka kwenye betri yenyewe. Kila nilipohama, mluzi ulibadilika. Karibu na kimoduli ulipanda, karibu na betri ulishuka, na kati ya hapo ulikuwa unapita ngazi kwa ngazi. Waya wa hasi wa sentimita chache tu! Kwenye mchoro wote ni mstari mmoja, sifuri volti, hadithi imeisha. Kwenye meza si sifuri hata kidogo.

Kinachotokea ni hiki. Kimoduli hakinywi umeme kwa utulivu. Kinanyamaza, kinashtuka, kinapokea pakiti, kinajibu, kinanyamaza tena, na kila kikishtuka kinavuta mkondo kwa ghafla. Mkondo huo unarudi kupitia waya wa hasi, na waya wowote una ukinzani wake, hata uwe mdogo vipi. Hapo kinazaliwa kijivolti kidogo sana. Hasi ya umeme na hasi ya sauti ndani ya kimoduli ni kitu kimoja, kwa hiyo ampli inakiona kijivolti hicho kama sehemu ya muziki na inakikuza. TPA3110 ina ngazi nne za kukuza: desibeli 20, 26, 32 na 36. Desibeli 36 ni kama mara 63. Bodi yangu ilikuja imefungwa kwenye hiyo ya juu kabisa. Uchafu mdogo ukizidishwa mara 63 lazima usikike.

Basi nikahamisha hasi zote zikutane sehemu moja, kwenye mguu wa betri, kila kifaa na waya wake. Nikashusha ukuzaji hadi desibeli 20, yaani mara 10, na kwa sebule ya kawaida sauti inatosha na kubaki. Mluzi ukapungua sana. Wengi wangeishia hapo. Lakini ule tik-tik ulibaki chini kabisa, mwembamba, na ukishaujua huwezi kuacha kuusikia.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni paua benki. Kata umeme wa kimoduli kutoka kwenye mfumo, kiwashe kwa paua benki, acha waya wa sauti peke yake ndio uunganishe pande mbili. Kukawa kimya! Kimya kabisa. Kwa hiyo hukumu imetoka: si ampli, si waya, si hewa. Ni umeme wa kushirikiana. Mwenye mluzi wa namna hii afanye kipimo hiki kwanza kabla hajatoa hata shilingi mfukoni.

Mtauliza kwa nini nisiache paua benki humo humo ndani. Kwa sababu kimoduli kinakula umeme kidogo mno, na paua benki nyingi zikiona mzigo mdogo hudhani simu imejaa, zinajizima. Wimbo wa tatu unakatika. Halafu kuchaji betri mbili tofauti ndani ya boksi moja ni usumbufu nisioutaka.

Wakati nikisubiri kifaa nilichoagiza, nilijaribu njia ya wazee: trafo ya kutenganisha sauti. Kadi za modemu za zamani, zile za kupiga simu ndipo upate intaneti, zina trafo ndogo ya omu 600 kwa 600. Fundi kompyuta mmoja alikuwa na kadi hizo kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akanipa kwa bei ya soda. Nikaing'oa, nikaiweka katikati ya kimoduli na ampli, hasi nikazitenga kabisa. Mluzi ukaisha hapo hapo. Lakini besi nayo ikaondoka! Trafo ile ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya simu, hezi 300 hadi 3400 hivi, na gitaa la besi la muziki wa dansi linaishi chini ya hapo. Maneno ya mwimbaji yanasikika vizuri, wimbo hauna miguu. Kwa mtu wa vipindi vya habari na mpira inafaa kabisa na ni njia ya bei rahisi. Kwa muziki, hapana.

Kilichomaliza kazi ni kile kifaa nilichoagiza, B0505S. Kipande cheusi chenye miguu minne, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kinapokea volti 5 na kutoa volti 5, lakini ndani pande mbili hazigusani, zimetenganishwa na kitrafo. Ni wati 1, yaani miliampea 200, na kimoduli hakifiki huko. Hasi ya upande wa kutoka usiiunganishe na hasi ya betri hata kidogo. Zikutane kupitia waya wa sauti tu. Nilipokifunga mara ya kwanza, tik-tik ikafa lakini ukaja mlio mwembamba wa juu wa sssh, kwa sababu chenyewe kinawasha na kuzima kwa kasi ndani. Nikaweka koili ndogo na kepasita ya mikrofaradi 100 upande wa kutoka, na nyingine upande wa kuingia. Hapo ndipo ukimya ukaingia sebuleni.

Nitoe na langu kuhusu vifaa, maana mradi huu umenifundisha kuchagua. Pasi ya kuchomelea ya wati 60 isiyo na kidhibiti joto, ile ya kuchomeka ukutani moja kwa moja, ni adui wa bodi ndogo. Ncha inakuwa nyeusi, unakandamiza, njia ya shaba inabanduka. Ya T12 yenye kidhibiti inauma bei lakini inalipa. Risasi ya kuchomelea chukueni 63/37 (bati 63, risasi 37 kwa mia) yenye fluksi ndani: inayeyuka nyuzi 183 na kuganda mara moja, wakati ile isiyo na madini ya risasi inataka zaidi ya nyuzi 217 na kwa kazi ya nyumbani ni mateso. Fungueni dirisha, moshi wake si wa kuvuta, na muoshe mikono kabla ya kula. Gundi ya moto ni nzuri kwa waya, lakini msiitegemee kushika betri kwa joto hili la Dar, tumieni vishikizo. Na hewa yetu ya bahari inafanya springi za vishikizo zichanue kijani, hivyo zifuteni mara kwa mara. Sehemu zilizochomelewa nimezipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Ni ujanja wa mafundi wa siku nyingi na unafanya kazi.

Betri za laptop: iliyoshuka chini ya volti 2.5 na iliyolala hivyo muda mrefu, tupeni. Inayopata moto wakati wa kuchaji, tupeni pia. Hapo sina mjadala.

Mpango ulisema kinachofuata ni taa za kuonyesha kiasi cha betri, kisha mgongo mpya wa mninga kutoka kwa seremala wa Keko. Vyote vimesimama. Nilikuwa nasafisha kioo cha skeli kwa pamba na maji ya sabuni, taratibu ili maandishi ya MW na SW yasitoke, nikageuza kitasa na sindano ikatembea. Uzi wake bado mzima! Miaka yote hiyo! Sasa iweje redio yenye sindano nzuri namna hii iwe inasubiri simu ndiyo iseme?

Kwa hiyo naingiza ESP32, kikompyuta kidogo cha chipu moja. Inashika Wi-Fi, inapiga stesheni za intaneti kupitia kijibodi cha PCM5102 (kinageuza data kuwa sauti), na kitasa kinachagua: sindano ikiwa hapa, TBC Taifa, ikisogea, stesheni nyingine. Kati ya stesheni nataka isikike ile milio ya sssh ya mawimbi ya kati, nimeirekodi tayari kutoka kwenye redio nyingine. Chukueni ESP32 ya asili, maana matoleo ya S3 na C3 yana Bluetooth ya matumizi madogo tu, hayawezi kupokea muziki wa simu, na mimi nataka baadaye kimoduli kile nacho kistaafu.

Kepasita ya zamani ya kugeuza stesheni nimeitoa bila kukata uzi, mahali pake nimeweka volyumu (resista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10. Na hapa pana bahati: kepasita ile ilikuwa inazunguka nyuzi 180, volyumu inazunguka karibu 300. Nikaifunga ili itumike sehemu ya katikati tu. ESP32 husoma vibaya ikikaribia sifuri na ikikaribia juu kabisa, kwa hiyo zile ncha mbili zilizobaki nje ndizo hasa nisizozihitaji. Waya nimeuleta kwenye pini 34, ambayo ni ya ADC1 (kundi la kwanza la pini za kupima volti). Msitumie pini za ADC2, hazisomi Wi-Fi ikiwa imewaka.

Sindano ikikaa kwenye 800 ya skeli, namba kwenye kompyuta inarudi karibu ileile kila nikiijia kutoka kushoto. Nikiijia kutoka kulia inatofautiana kidogo, nadhani ni uzi unalegea upande mmoja. Leo jioni naweka kepasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na hasi kutuliza usomaji, halafu nafungua ile springi ya uzi niikaze.