Tamasha la maigizo Mwanza: mwembe ulitunyima, mtandio ukatuokoa

Ukitaka ushauri wa bure, tangaza kwamba unawapeleka wanafunzi wenzako Mwanza kutazama maigizo. Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa chuoni kwetu, upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na kila niliyemgusia aliniambia, "Pitieni darajani, feri ya nini siku hizi?" Daraja la Kigongo–Busisi ni zuri, sikatai. Lina kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na picha nimepiga kama wengine. Lakini mtu wa Kamanga azunguke hadi Busisi, atokee Usagara, halafu akabanwe na foleni ya Buhongwa na Mkuyuni, ili iweje? Feri inavuka kwa nusu saa hivi na kukushusha mjini kabisa. Nauli yetu sote haikufika nusu ya bei tuliyotajiwa ya kukodi Kosta.

Ushauri ulioniudhi hasa ulitoka kwa mkufunzi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu. Jukwaa lilikuwa la wazi, kando ya ziwa, watazamaji wakikaa pande zote, bila kipaza sauti. Akasema tuwahi mwembe ulio upande wa majini. Tukauwahi. Kivuli safi, upepo mwanana mgongoni, na hatukusikia neno! Mama mmoja jukwaani alipiga magoti, akachana barua, akalia; sisi tunaona midomo tu inafunguka na kufumba kama sato kwenye ndoo. Mwenzetu mmoja akaanza kutufasiria: "Mumewe kauza kiwanja." Mwingine akabisha, "Si kiwanja, ni mtumbwi." Wakagombana hadi tukawa na mchezo wetu wenyewe chini ya mwembe.

Aliyetutoa hapo ni binti wa mvuvi. Alivua mtandio wake, akaufunga kwenye mpini wa mwavuli, akautazama unavyopepea, akasema, "Jamani, sauti zote zinaenda kule kwenye chipsi." Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kushika nafasi, kwa hiyo upepo unatoka majini. Usiku unageuka, waulize wavuvi. Tukabeba viti hadi nyuma kabisa, juani, kanga kichwani, jirani na muuza chipsi. Waliobaki kivulini wakatucheka. Sisi tukasikia hadi mwigizaji akimeza mate. (Na ni kiwanja kweli.)

Mkibeba michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, kama sisi, msiigawe kabla ya mapumziko. Ile kitu ikitafunwa na kundi zima, hata muuaji jukwaani anageuka kuangalia. Chakula cha mchana nilipatana na mama ntilie asubuhi ileile, kabla wenzangu hawajamfikia na njaa usoni: wali, maharage na dagaa kwa elfu mbili na kitu.

Mchezo wa mchana, wa vichekesho, ulipata mkosi: ngoma ya Kisukuma ilianza jirani. Sisi tumekulia Bulabo, tamasha la ngoma la Bujora, ambako vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ngoma ikilia, miguu haiombi ruhusa. Watu wakaanza kuondoka, na baadhi yetu wamo. Mwigizaji alikuwa amelala mkekani, mgonjwa mahututi. Akainua kichwa: "Nendeni tu, mkirudi mtanikuta nimeshazikwa!" Uwanja mzima ukacheka, na wengi wakarudi kukaa. Sidhani kama maneno yale yaliandikwa popote.

Wa jioni ndio uliokuwa mtamu kuliko yote, na ndio uliogongana na feri ya mwisho. Hapa nilikuwa nimejipanga: kijana mmoja ana shangazi yake Kirumba, nikamwambia abaki, alale huko, atuletee mwisho wake kesho. Alituletea. Katika simulizi yake kuna mamba, mchungaji na harusi mbili, na kila akiulizwa upya, mamba anaongezeka.