Nilivyopata cheti cha kifo cha babangu na cha babu, kimoja nilikuwa nakitafuta kaunti ambayo hakiko

Naandika hii kwa sababu najua kuna watu wako pale pale nilipokuwa mimi mwaka 2022, unaambiwa leta cheti cha kifo na wewe huna pa kuanzia. Kwetu ni Kwale, pwani ya Kenya, mashambani kabisa upande wa kwenda Lunga Lunga, na shamba la babu lenye minazi na mikorosho hati yake mpaka wakati ule ilikuwa na jina la babu. Babu alifariki 1997, babangu akafariki 2011, na shangazi yangu ambaye ndiye amebaki peke yake katika watoto wa babu akaniita akaniambia mwanangu mimi nazeeka, hii mirathi ifunguliwe nikiwa hai, nikiondoka mtauana nyinyi. Basi nikaenda mahakama ya kadhi kuuliza, karani akaniambia vizuri tu, kesi ya mirathi haifunguliwi bila cheti cha kifo, na shamba likiwa la babu na babako naye ameshafariki baada yake basi lete viwili, cha babu na cha babako.

Nikaanza na cha babangu maana niliona hicho ndio rahisi. Tulimzika nyumbani, kaburi liko nyuma ya nyumba, kwa hiyo kwa akili yangu rekodi iko Kwale. Nilipanda mara tatu kwenda ofisi ya usajili, kila mara natoka Mombasa alfajiri, navuka feri Likoni, napanda matatu, nafika nakuta foleni. Wakatafuta rejista ya mwaka ule, hakuna. Wakatafuta mwaka unaofuata, hakuna. Mimi nikaanza kuhisi labda faili limepotea, nikarudi nyumbani siku ya pili nikalia kweli, maana nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini mara nyingi.

Safari ya tatu kuna mama mmoja pale ndani akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza, "Dada, marehemu alifia wapi?" Nikamwambia hospitali, Mombasa. Akasema basi usitafute huku, kifo kinaandikwa pale kilipotokea, sio pale mtu alipozikwa na wala sio kwao. Hospitali inajaza fomu yake inaitwa D1, inapelekwa kwa msajili wa eneo lile la hospitali, nyinyi mnapewa kibali cha mazishi mnaondoka na maiti, na wengi wanadhani kile kibali ndio cheti wakishazika hawarudi tena. Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulizika, tukafanya hitma, kibali mamangu akakikunja akakiweka kwenye ule mfuko wa plastiki wa karatasi za kliniki, miaka 11 kimekaa pale. Nilipokitoa kilikuwa kimechanika kwenye mikunjo lakini namba inasomeka. Nikaenda nacho Mombasa, kwa ile namba na tarehe wakafungua kitabu na sikumaliza hata nusu saa, nikamuona babangu kwenye mstari, umri, tarehe, sababu ya kifo, na jina la ami yangu kama ndiye aliyetoa taarifa. Nikasimama pale nikausoma ule mstari mara mbili tatu.

Ila jina. Kitambulisho chake kinasema Rashid, rejista imeandikwa Rashidi, na jina la babu yake limeachwa kabisa. Usipuuze kitu kama hiki, herufi moja tu mahakamani inakurudisha nyumbani, wanakuuliza huyu wa kwenye cheti ndiye huyu au ni mwingine. Nilikula kiapo kwa wakili, nikaambatisha kopi ya kitambulisho chake na changu, nikaomba warekebishe kwanza ndio cheti kichapishwe. Ilichukua wiki kadhaa lakini kikatoka sawa. Cheti chenyewe wakati ule kilikuwa shilingi 50 tu, siku hizi ada imepanda na maombi yanaanzia kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kilichonimaliza mimi ni nauli na hizo safari za bure.

Cha babu sasa ndio kilikuwa kazi. Yeye alifia nyumbani kwake, asubuhi, na alasiri tayari tumeshamzika, si unajua kwetu maiti halazwi mpaka kesho yake. Mtu akifia nyumbani taarifa inapelekwa kwa naibu wa chifu, yeye ndiye anajaza fomu D2 na kutoa kibali, lakini siku ile hakuna aliyekwenda. Nikamuuliza shangazi tarehe, hakuijua. Nikamwambia shangazi kumbuka kulikuwa na nini. Akafikiri akasema ulikuwa mwaka wa vita vya Likoni, watu walikuwa washaanza kurudi majumbani, na ile mvua ya El Niño ilikuwa imeanza, kaburi lilichimbwa huku wanatoa maji kwa ndoo. Vita vilikuwa Agosti 1997, mvua ikaanza Oktoba, kwa hiyo tukajua ni kuanzia hapo. Halafu mzee mmoja jirani akasema ilikuwa Ijumaa maana walimswalia msikitini baada ya swala ya Ijumaa jamaa wote wakiwepo. Na binamu yangu mmoja alizaliwa wiki ile ile, akapewa jina la babu kwa sababu hiyo, kadi yake ya kliniki ipo. Ndio tukapata siku kamili.

Kifo kikishapita miezi 6 bila kuandikwa kinaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na hapo ruhusa inatoka juu kwa msajili mkuu, sio pale dirishani. Nilipeleka kitambulisho cha babu ambacho shangazi alikuwa amekihifadhi, barua ya chifu, barua ya imamu wa msikiti, na kiapo cha shangazi kama mtoto wa marehemu. Barua ya chifu niliipata baada ya naibu wake kuja mpaka nyumbani, akaita wazee wawili waliokuwepo mazishini, akawauliza kila mmoja kivyake, tukamuonyesha kaburi. Mimi nilishukuru kwamba hakuandika tu kwa maneno yangu. Hao wazee wote wako juu ya miaka 70, mmoja wao amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na nikifikiria kama tungengoja kidogo tu sijui ningemleta nani.

Kwa hiyo kama una mzee kwenu aliyefia nyumbani na hakuandikwa, kaa na wakubwa wiki hii hii na daftari, uliza ilikuwa msimu gani, nani alizaliwa, nani alichimba kaburi. Na ukienda kutafuta rejista beba majina yote aliyowahi kuitwa, la utani pia, maana waliotoa taarifa walisema lile walilolizoea. Usimpe pesa mtu wa nje ya ofisi anayekwambia atakuharakishia, mimi walinifuata wawili na nilikataa, kila kitu nilichohitaji kilikuwa kwa mamangu, kwa shangazi na kwa wale wazee.

Cha babu kilichukua karibu miezi mitano. Siku nilipokileta shangazi hajui kusoma akaniambia nisomee, nikasoma jina lote, akaniambia rudia, nikarudia. Akakichukua akakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya shamba, akaufunga fundo, akaniambia haya, Jumatatu twende kwa kadhi.