Epictetus kwenye simu ya mpwa wangu

"Mjomba, ugonjwa wa bibi hauko katika uwezo wetu. Kuhangaika hakutamponya."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na mpwa wangu nilipompigia simu kumuuliza mbona siku ya tatu inapita hajaja kumwona bibi yake wodini. Bibi yake ni mama yangu mzazi. Kijana ana miaka 17, wala hakunijibu kwa jeuri. Alisema kwa upole na utulivu, kama mtu aliyekwisha kulitafakari jambo na kulimaliza. Nilikata simu nikabaki nimesimama kwenye korido, maneno yale yananichoma. Nilijua yalikotoka. Ni mlango wa kwanza wa kile kijitabu cha Epictetus, mwanafalsafa wa kale: kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu, na kuna yasiyo katika uwezo wetu. Mimi mwenyewe niliyasoma chuoni zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwenye karatasi za fotokopi zilizofifia wino. Yeye aliyapata kwenye video ya dakika moja.

Kabla ya siku ile nilikuwa nafurahia jambo hili, na bado nalifurahia. Nikiwa na umri wake sikumjua kijana mwingine hata mmoja aliyesoma Plato kwa hiari yake. Leo mpwa wangu na wenzake wanawataja Seneca na Marcus Aurelius, wanafalsafa wa Roma ya kale, kama tulivyokuwa tukitaja wachezaji wa mpira. Aliyemfungulia mlango ni PewDiePie, Msweden aliyeanza chaneli yake ya YouTube mwaka 2010 akapata umaarufu kwa kucheza michezo ya video huku akipiga mayowe, na mwaka 2019 akavuka wafuasi milioni 100. Mtu huyo baadaye alianza kukaa mbele ya kamera na rundo la vitabu, vya wanafalsafa vikiwemo, akieleza alivyovielewa na alivyoshindwa kuvielewa. Profesa hawezi kumpa kijana kitu hicho kirahisi. Kijana anamwona mtu anayempenda akihangaika na ukurasa mgumu bila kuona haya.

Kutoka hapo alifika kwa Abigail Thorn wa chaneli ya Philosophy Tube, Mwingereza aliyeanza mwaka 2013, baada ya karo za vyuo vikuu Uingereza kupandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka, akaamua kugawa bure mtandaoni kile alichosomea falsafa. Kisha akamaliza vipindi vyote 46 vya falsafa alivyotangaza Hank Green kwenye Crash Course, chaneli ya masomo. Vyote, likizo moja! Mimi shahada yangu ilinichukua miaka mitatu, na kuna mada kwenye vipindi vile sikuwahi kufundishwa.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Najua kuna wenzangu waliosomea fani hii wanaokunja uso wakisikia falsafa imetiwa muziki na picha. Ninawakumbusha habari za Zeno, mwanzilishi wa falsafa ya Ustoiki. Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, anasimulia kwamba Zeno alikuwa mfanyabiashara, akasafiri na shehena ya rangi ya zambarau kutoka Foinike, na chombo kikavunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Akapanda Athens, akaketi kwa muuza vitabu, na huyo muuza vitabu alikuwa akisoma kwa sauti kumbukumbu za Xenophon juu ya Socrates. Zeno akavutiwa, akauliza watu wa namna hii wanapatikana wapi. Wakati huohuo mwanafalsafa Crates akawa anapita. Muuza vitabu akamnyooshea kidole: mfuate yule.

Wastoiki wote wanatokana na alasiri ile. Zeno hakumsikia Socrates, ambaye alikuwa ameuawa mwaka 399 KK, miaka mingi kabla. Alisikia simulizi ya mtu wa pili, ikisomwa na mtu wa tatu, dukani. Epictetus, Mstoiki wa baadaye, naye hakuandika hata mstari mmoja. Alizaliwa mtumwa, alikuwa kilema, akafundisha Nicopolis, Ugiriki, baada ya Kaisari Domitian kuwafukuza wanafalsafa Roma. Tunachokisoma leo ni maandishi ya mwanafunzi wake, Arrian, aliyekuwa akinakili mazungumzo ya darasani. Hata kile kijitabu ni muhtasari uliotengenezwa na Arrian kutoka kwenye mazungumzo marefu. Falsafa imekuwa ikipita mikononi mwa wasimulizi tangu zamani.

Lakini nilipokuwa korido ile sikuwa na utulivu wa kufikiria Zeno. Nilikuwa na hasira. Mkuki kwa nguruwe mtamu, nilijisemea: ni rahisi kuwa Mstoiki juu ya mapafu ya mtu mwingine.

Usiku nilirudi nyumbani nikatafuta video aliyokuwa ameitazama. Alikuwa amenitumia mwenyewe wiki kadhaa nyuma nami sikuifungua. Sanamu ya marumaru, mvua, kinanda, sauti nzito ya kiume. "Usichoweza kukitawala, kiache." Kisha giza, kisha inaanza upya. Niliitazama mara nne. Hakuna neno ndani yake ambalo ningeweza kusema ni uongo mtupu. Ila imekatwa pale hasa ambapo Epictetus anaanza kufanya kazi. Yeye hakusema "kiache". Alisema tofautisha, halafu akatumia maisha yake yote kuwauliza wanafunzi: haya, na kilicho katika uwezo wako, umekifanyia nini? Kuwa mtoto, kuwa ndugu, kuwa jirani, kwake yeye ni majukumu yenye kazi zake.

Na ninaelewa kwa nini inakatwa pale. Majukwaa haya yanapima kama mtazamaji amefika mwisho na kama amerudia. Sentensi iliyofungwa vizuri inarudiwa. Swali linalomwacha mtu hajatulia linamfanya afunge simu na kutoka nje kutembea, na hilo hakuna mashine inayolihesabu kuwa mafanikio.

Jumapili nilimwita. Sikutaka kumhutubia. Niliweka mezani Mazungumzo ya Epictetus, kitabu cha kwanza, sura ya 11, nikamwambia tusome kwa zamu.

Sura ile inaanza na ofisa mmoja aliyekuja kumtembelea Epictetus. Katika kuulizana habari za nyumbani, anasema ana watoto na kwamba wanamtia simanzi. Juzi binti yake aliugua sana, naye hakuweza kustahimili kukaa karibu naye. Alikimbia, akakaa mbali hadi alipoletewa habari kwamba mtoto amepona. "Na unaona ulitenda sawasawa?" anauliza Epictetus. Nilitenda kama ilivyo maumbile, anajibu baba, ndivyo sisi akina baba tulivyo. Hapo Epictetus anamshika. Mama yake mtoto anampenda? Anampenda. Je, naye alipaswa kumwacha? Hapana. Na yaya? Na mtumishi anayemlea, naye anampenda? Basi kama wote wangefanya kama wewe, mtoto angebaki peke yake, bila msaada, kwa sababu ya wingi wa upendo wenu, afie mikononi mwa watu wasiompenda. Na wewe ukiugua, ungetaka ndugu zako wakupende kwa namna hiyo, hata wakuache mwenyewe?

Zamu hiyo ya kusoma ilikuwa yake. Alisoma hadi pale, akanyamaza. Nilidhani amepoteza mstari.

"Huyu ni Epictetus yuleyule?" aliniuliza.

Nikamwambia ni yuleyule. Tukaendelea, kwa sababu sura haijaisha, na mwisho wake ni mkali kuliko mwanzo. Epictetus anamwonyesha yule baba kwamba kilichomkimbiza si ugonjwa wa binti. Ni uamuzi wake mwenyewe, namna jambo lilivyoonekana kwake. Ugonjwa haukuwa katika uwezo wake. Kukimbia kulikuwa.

Akafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku ya kwanza alifika. Alifika hadi mlangoni mwa wodi, akamwona bibi kupitia kioo akiwa na mpira wa oksijeni puani, akageuka akarudi nyumbani. Usiku ule hakulala. Ndipo akaitazama ile video, akaitazama tena, ikampa maneno ya kujifunika.

Hasira yangu iliisha palepale, na nilijiona nimekosea kutomuuliza mapema. Alikuwa ameogopa tu. Mtoto wa miaka 17 mwenye hofu, akapewa shuka nzuri yenye jina la mwanafalsafa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia barua ya 33 ya Seneca. Kati ya barua 124 alizomwandikia rafiki yake Lucilius zilizotufikia, katika zile za mwanzo alizoea kufunga kwa nukuu moja ya kupeleka nyumbani, nyingi zikiwa za mwanafalsafa Mgiriki Epicurus. Alikuwa akifanya kile kinachofanywa na chaneli hizi: msemo wa siku. Kisha Lucilius anamwomba aendelee nao, naye anakataa. Misemo ni ya watoto, anasema kwa maana hiyo, kwa sababu mtoto anaweza kuibeba kabla hajaweza kubeba zaidi. Mtu mzima kuwa na hekima ya kwenye daftari ni aibu. "Zeno alisema hivi." Na wewe unasemaje? Mpaka lini utatembea chini ya amri ya mwingine? Jambo linalonivutia ni kwamba hakuanza kwa kumnyima Lucilius misemo. Alimpa kwanza, muda mrefu, akangoja.

Niliwahi kumsahihisha mpwa wangu kwa haraka mno. Simu yake ilikuwa na picha ya Aristotle na maneno "Tuko vile tunavyotenda mara kwa mara." Nilimwambia Aristotle hakuandika hivyo, ni sentensi ya Will Durant, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1926 akimfafanua Aristotle. Ni kweli, na ni vizuri kujua. Lakini alifuta picha ile siku hiyohiyo, na sikumpa kitu cha kuweka mahali pake. Ningemfungulia kitabu cha pili cha Maadili, pale Aristotle mwenyewe anaposema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga, tungekuwa tumeanza kusoma pamoja mwaka mzima kabla.

Plato anasimulia katika kitabu chake Phaedrus malalamiko ya Socrates juu ya maandishi: ukiyauliza swali yananyamaza, yanarudia neno lilelile milele, yanazunguka kwa wanaoelewa na wasiohusika, na yakionewa yanamhitaji baba yake aje kuyatetea. Video nayo ni hivyo. Ile yenye mvua na kinanda haikuweza kumuuliza mpwa wangu, "Kwani umeogopa nini?" Anayetengeneza video hawezi kukaa na kila kijana. Sisi tulio karibu nao tunaweza, na wengi wetu tunakaa pembeni tukilalamikia muziki.

Jumatatu alikwenda wodini peke yake. Alikaa saa mbili, akamsugua bibi yake miguu. Mama ameruhusiwa sasa, anapumua vizuri.

Juzi usiku, saa tano, simu yangu ililia. Alikuwa ameendelea na kile kijitabu mwenyewe, amefika sehemu ya tatu, pale Epictetus anaposema ukimbusu mtoto wako jikumbushe kwamba unambusu binadamu, ili akifa usifadhaike. Aliipiga picha akanitumia, na chini yake akaandika: "Mjomba, huyu na yule wa sura ya 11 wanakubaliana vipi? Mimi naona hawakubaliani. Nimefikiria tangu jioni." Nilianza kumjibu mara tatu nikafuta. Jumapili anakuja, na hadi sasa sijapata jibu linaloniridhisha.