Siku Moja Maishani Mwangu Nyuma ya Kaunta ya Vifaa vya Ujenzi

Saa 1:00 asubuhi. Duka langu liko Ngamiani, jijini Tanga, na kazi ya kwanza ya siku ni kutundika kamba mlangoni: za katani upande mmoja, za manila za bluu na kijani upande wa pili. Nilisoma kemia chuoni kabla ya kuingia katika biashara, na mpaka leo hainitoki akilini kwamba ukiondoa saruji, nondo, misumari na vioo, karibu kila ninachouza kimetengenezwa kwa polima, yaani molekuli ndefu zilizoundwa kwa molekuli ndogo zilizoungana kwa mamia au maelfu katika mnyororo mmoja. Wateja wengi hugawa vitu hivyo mafungu mawili, vya asili na vya plastiki, kisha hutegemea kwamba kila plastiki itakuwa na tabia moja. Hasara nyingi ninazoziona huanzia hapo.

Saa 1:30. Anaingia mzee anayefuga mbuzi huko Pongwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kamba ya manila. Ile ya katani mbuzi wameitafuna."

Hakuna haja ya kubishana naye, kwa sababu mbuzi wake wana haki yao. Nyuzi za mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta katika pwani hii mwaka 1893, ni selulosi kwa sehemu kubwa, na selulosi ni mnyororo wa glukosi, aina ya sukari. Mnyororo huo una sehemu nyingi zinazoshika maji, ndiyo maana kamba ya katani ikilowa huvimba na kukaza fundo lake, lakini pia ndiyo maana ukungu na bakteria huishambulia mpaka ikaoza. Manila tunayouza siku hizi ni polipropilini, ambayo mnyororo wake ni kaboni na haidrojeni peke yake, kwa hiyo maji hayapati pa kushika na vijidudu havipati cha kula. Adui yake ni jua, ambalo huikatakata minyororo hiyo taratibu hadi kamba inakauka na kumeguka mkononi. Hata miisho yake hutofautiana: ya manila huyeyushwa kwa kiberiti ikashikana, ilhali ya katani huungua tu, na ni lazima ifungwe kwa uzi.

Kwa mtu wa Tanga habari hii ina uchungu wake. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na kamba za polipropilini zilipoingia kwa wingi katika masoko ya wakulima wa Ulaya na Marekani, bei ikaporomoka. Kuna sababu nyingine pia, lakini hiyo haiwezi kuachwa.

Saa 3:00. Fundi bomba ananiomba kopo la gundi ya PVC, ile plastiki ngumu ya mabomba ya choo. Namuuliza anaunganisha nini, ananionyesha kipande cha bomba jeusi la polithini.

"Fundi, hii haitashika hata ukimimina kopo zima."

"Mbona jana imeshika bomba la choo, bosi?"

Swali lake ni zuri, nami nalitengea muda. Ile inayoitwa gundi ya PVC haigandishi kama gundi ya mbao. Ndani yake mna kiyeyushi kinacholainisha nyuso za mabomba yote mawili, minyororo ya upande huu ikapenya na kusokotana na ya upande ule, kisha kiyeyushi kikaruka hewani na kuacha mwili mmoja. Polithini haiyeyushwi na chochote kilichomo koponi humo katika joto la kawaida, kwa hiyo bomba lake huunganishwa kwa viungio vya kukaza au kwa kuchomelewa kwa joto. Mabomba ya PPR, ambayo ni aina ya polipropilini, nayo hupashwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi kisha husukumwa ndani ya viungio vyake.

Kwa asiyejua ana bomba gani mkononi, nina ndoo ya maji chini ya kaunta. Kipande cha PVC huzama, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini iliyotokana na chumvi, na chembe za klorini ni nzito. Polithini na polipropilini huelea. Kipimo cha kuchoma kwa moto, ambacho mafundi wengi hukipenda, nimekikataza dukani, kwa kuwa moshi wa PVC una asidi inayounguza koo.

Saa 5:00. Rangi za maji na gundi nyeupe ya mbao zinatoka kwa wingi. Zote mbili ni chembe ndogo sana za polima zilizotawanyika katika maji, na maji yakikauka chembe hizo husogeleana na kuwa utando mmoja. Ndiyo maana rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi hubanduka baadaye, na wenye nyumba hulilaumu kopo.

Saa 7:00 mchana. Chakula ni bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki. Wanga wa muhogo nao ni mnyororo wa glukosi, sukari ileile iliyomo katika kamba ya katani, ila viungo kati ya glukosi na glukosi vimeelekea upande tofauti. Vimeng'enya vyetu hukata viungo vya wanga na haviwezi vya selulosi, na mbuzi wa Pongwe huwezeshwa na vijidudu vilivyomo tumboni mwao. Samaki ni protini, polima nyingine tena, lakini njaa yangu haikuniruhusu kufika huko.

Saa 8:30. Mama mmoja anachagua tangi la maji na kuuliza kwa nini asichukue jeupe, ambalo kwa macho yake ni safi zaidi. Namwambia kwamba weusi ule si urembo. Ni unga wa kaboni uliochanganywa na polithini ili kumeza miale mikali ya jua, na kwa kuwa mwanga haupenyi, ukijani hauoti majini. Anachukua jeusi pamoja na misumari, ambayo naifunga katika bahasha ya kaki. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na wengi sasa hubeba ile mifuko laini inayofanana na kitambaa. Hiyo nayo ni polipropilini, ndugu ya manila iliyoko mlangoni. Sisemi marufuku haikuwa na maana, kwa sababu mfuko mzito hurudiwa na haupeperuki ovyo, lakini anayedhani amebeba pamba amedanganyika.

Saa 11:00 jioni. Anakuja kijana anayenunua plastiki chakavu. Madumu na chupa anapima, mabaki ya PVC anayatenga, kwa kuwa yakichanganyika na chupa hutoa asidi wakati wa kuyeyushwa na kuharibu mzigo mzima. Swichi na soketi kuukuu anazikataa kabisa. Anaamini ni mbovu, kumbe ni za jamii ya Bakelite, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo minyororo yake imefungwa pande zote kwa joto la kiwandani. Yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi, na swichi hiyo haiyeyuki tena.

Tairi lililoko uani analikataa kwa sababu iyo hiyo. Utomvu wa mti wa mpira ukiachwa ulivyo hunata katika joto na kukakamaa katika baridi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipashwa pamoja na salfa, salfa hujenga madaraja kati ya minyororo, nao hupata uwezo wa kuvutika na kurudi. Madaraja hayo hayafunguki kwa moto wa kawaida, kwa hiyo tairi halisubuliwi upya, hukatwa tu. Jirani yangu, mshona katambuga, ndiye anayelichukua, pamoja na robo kilo ya misumari midogo.