Ngoma inayomfuata mtoto: uzoefu wangu Bagamoyo

Nilipotaka kuwachezea ngoma watoto wenye ulemavu, niliambiwa nikodi spika kubwa, nivae nguo za kung'aa, watoto watafurahi tu. Aliyenishauri hajawahi kushinda na mtoto mwenye usonji hata asubuhi moja. Spika zikaja. Wimbo haujafika kwenye kiitikio, wengine wameshaziba masikio, wengine wanalia, na wa viti mwendo wamewekwa nyuma kabisa. Nikazima.

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981. Mwaka huohuo London lilianzishwa kundi la maigizo la Oily Cart, ambalo limewachezea watoto wenye ulemavu mkubwa hadi ndani ya mabwawa ya maji ya uvuguvugu na juu ya trampolini, yale maturubai ya kurukia. Kwao nilichukua moja: watoto wachache kwa wakati mmoja, nao wawe katikati ya mchezo. Mengine tunayo nyumbani.

Fundi seremala alinitengenezea jukwaa la mbao lenye uwazi chini, na ngoma tunaiweka juu ya mbao zilezile anazolalia mtoto. Mpigaji anatumia viganja, polepole. Hata asiyesikia anaupata mdundo mgongoni. Binti mmoja mwenye mtindio wa ubongo huwa amekunja ngumi muda wote. Mdundo ulipomfikia, kidole gumba kikachomoza. Mpigaji akanyamaza, kidole kikarudi ndani. Akapiga tena, kikatoka. Basi nikaanza kucheza kwa kidole kile: kikitoka nazunguka, kikirudi natulia. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, usiache, anakuchezesha!" Nilicheza mpaka jasho likaingia machoni, na sijawahi kupata kiongozi wa ngoma makini kama yule.

Khanga tunazipepea juu yao, zimelazwa na asumini usiku kucha. Udi nimeuacha, moshi huwasumbua wenye pumu. Taa za kuwaka na kuzima msizilete kabisa, kuna wenye kifafa. Na muulize mzazi kwanza mtoto anakubali kuguswa wapi. Wapo wanaopenda nyayo, mkono hawataki.

Mbao na fundi vilikula kama laki mbili, khanga niliazima kwa mashangazi. Jukwaa linafunguka vipande viwili na kuingia kwenye kirikuu, kwa hiyo mwenye darasa la watoto hawa hapa mjini aniite, nitakuja na mpigaji wangu.