Kura za Namba Moja

Januari 2008, duka alilofanyia kazi jirani yetu liliporwa na kuchomwa, kama maduka mengine kadhaa ya Kisumu katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Alikuwa keshia. Tulimwita Nyar Alego, na ploti nzima pale Nyalenda ilijua si mtu wa kupokea. Ukimpelekea unga, watoto wameshakula. Ukimwambia, "Ukikwama niambie," anacheka na kukuulizia hali ya mama yako.

Jioni hizo tulijifungia mapema. Nilikuwa na runinga ndogo na diski za Friends, tamthilia ya Marekani ya marafiki sita wa New York iliyorushwa kuanzia 1994 hadi 2004. Mama Cherehani, fundi wa nguo wa mlango wa pili, aliipenda sana, ingawa kila mara aliuliza watu hawa huenda kazini saa ngapi. Usiku mmoja tukafika pale Chandler anapohama nyumba anayoishi na Joey. Joey hana hela, na msaada hautaki. Basi Chandler anabuni mchezo wa karata papo hapo, sheria anazitunga akiendelea kucheza, na karata za Joey zinashinda tu. Joey anabeba pesa kifua mbele: ameshinda, hakupewa.

Tulicheka. Kisha Mama Cherehani akasema, "Huyu kijana hakungoja kuombwa. Alishaona."

Wapo wanaosema urafiki wa kwenye runinga ni uongo mtupu. Kweli, nyumba zile ni kubwa mno na marafiki wale wana nafasi saa zote. Lakini usiku ule nilimwona mtu akimsaidia mwenzake bila kumvunjia heshima, na nilikuwa sijawahi kuonyeshwa jambo hilo waziwazi namna ile.

Chama chetu kilikuwa cha wanawake wanane, kila mmoja shilingi 200 kila Jumamosi, na mmoja anabeba zote. Mzunguko mpya ulikuwa unaanza. Mama Cherehani ndiye aliyeihitaji zamu ya kwanza kuliko sote, anunue kitambaa cha sare za shule. Yeye huyo huyo akatuzungukia mlango kwa mlango: kura ipigwe, na karatasi zote ziandikwe moja.

Jumamosi tukasema aliyekaa karibu na mlango aanze. Kigoda hicho tulikuwa tumemwachia Nyar Alego. Akatia mkono kwenye sufuria, akakunjua karatasi, akapiga kigelegele. Sisi tukachukua zetu, tukazifumbata, na kila mmoja akataja namba tuliyokwisha kupanga. Mama Cherehani akataja nane.

Kwa zile 1,600 Nyar Alego alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, akaanza kuipima kwa kopo la gorogoro langoni. Mchango wake hakuukosa hata wiki moja, na hakuna aliyemdai.

Chandler alikuwa na mshahara mzuri. Mchezo wake haukumlaza njaa. Mama Cherehani alichukua kitambaa kwa mkopo, kidogo tu, akawarudisha wateja wengine. Zamu ya nane ilipofika ilikuwa Machi, muhula uko katikati na kila mtoto ameshapata sare yake.