Utando wa Hafniamu Ndani ya Simu Zetu

Fundi mmoja wa simu hapa Ngamiani, Tanga, aliniruhusu kutazama kwa lenzi yake bodi ya simu aliyokuwa ameifungua. Prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote za simu, ilionekana kama kipande cheusi cha mraba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Mwalimu, simu ikichemka, mara nyingi ni hapa," akaniambia. Joto hilohilo ndilo lililowalazimisha wahandisi kuacha malighafi waliyoizoea kwa miongo kadhaa.

Prosesa ya kampuni ya Intel ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, yaani swichi ndogo mno za kuwasha na kuzima umeme. Za simu za leo zina mabilioni. Kwa muda mrefu ilitosha kuzipunguza ukubwa tu. Ndani ya kila transista, hata hivyo, mna utando unaotenganisha lango linalotoa amri na njia ya silikoni ambamo umeme hupita, na utando huo ulitengenezwa kwa oksidi ya silikoni, ambayo huota juu ya silikoni yenyewe inapopashwa moto penye oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 unene wake ulikuwa umeshuka hadi nanomita 1.2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani takriban safu tano za atomi. Utando ukifikia wembamba huo, elektroni, chembe zinazobeba umeme, huupenya hata kama hauna tundu lolote, kwa sababu ya tabia zao za kikwantamu, yaani tabia za vitu vidogo mno. Transista ikawa kama koki inayovuja hata baada ya kufungwa: betri inaliwa, joto linapanda, na kazi haifanyiki.

Mwaka 2007 Intel ilileta prosesa za kizazi kiitwacho nanomita 45, zenye utando wa oksidi ya hafniamu, metali ambayo hupatikana pamoja na zirkoniamu. Kwa kuwa oksidi hii hupitisha nguvu ya lango vizuri zaidi, utando uliweza kuongezwa unene bila lango kupoteza uwezo wa kuamuru, na uvujaji wa langoni ukapungua zaidi ya mara kumi. Lango lenyewe nalo ilibidi liwe la metali, maana lile la silikoni halikupatana na hafniamu. Nalihesabu hili kuwa badiliko kubwa kuliko yote, kwani transista iliendelea kudogoka huku utando wake ukinenepa.

Malighafi ya nyaya zinazounganisha transista nayo ilibadilika: kampuni ya IBM ilikwisha kutangaza mwaka 1997 kwamba shaba ingechukua nafasi ya alumini, kwa kuwa hupitisha umeme kwa ukinzani mdogo zaidi. Sharti ni kuizungushia ngozi ya metali nyingine, kwani ikiingia kwenye silikoni huiharibu.

Sasa, ili kupata mbadala wa silikoni katika njia ya umeme, watafiti wanashughulikia disalfaidi ya molibdeni, mchanganyiko wa metali ya molibdeni na salfa, ambayo shiti yake moja ina unene wa atomi tatu tu. Lango huitawala vizuri sana shiti nyembamba namna hiyo. Ugumu uliobaki ni kuiunganisha na nyaya: pale metali inapoigusa, umeme hukutana na ukinzani mkubwa, na hapo ndipo maabara nyingi zinapoelekeza nguvu zao.